Kupima Ukaidi wa Waya kwa Saa

Pendulamu ya msokoto ni chombo chenye sehemu chache mno: waya au uzi mwembamba uliobanwa imara kwa juu, na gimba lililofungwa kwenye ncha yake ya chini, ambalo huweza kuwa kisahani cha chuma, ufito uliolazwa mlalo, au mipira miwili iliyoshikizwa kwenye ncha za ufito huo. Gimba hilo likizungushwa kidogo kisha likaachiwa, waya uliosokotwa hulirudisha lilikotoka, nalo kwa kuwa tayari limeshika mwendo hupitiliza, likausokota waya kwa upande wa pili, likarudishwa tena, na hali huendelea hivyo kwa dakika nyingi, au hata kwa siku kadhaa ikiwa chombo kimetengenezwa kwa uangalifu na kuwekwa mahali pasipo na hewa. Pendulamu ya saa ya ukutani hubembea huku na huko kwa sababu dunia huivuta kwenda chini, lakini hii ya msokoto hujizungusha palepale ilipo, na kinachoirudisha ni waya wenyewe, wala si uvutano wa dunia. Ndiyo maana pendulamu ya msokoto ikipelekwa mwezini, ambako uvutano ni takribani moja ya sita ya ule wa duniani, mwendo wake hautabadilika kwa kiasi cha kutajika, ilhali saa ya ukutani itachelewa vibaya.

Anayekamua nguo nzito iliyolowa huhisi mikononi jinsi kitambaa kinavyozidi kukataa kadiri kinavyozidi kusokotwa, na waya nao una ukaidi wa namna hiyo, isipokuwa ukaidi wake hufuata kanuni iliyonyooka kuliko ule wa nguo. Waya ukisokotwa kwa pembe fulani, hutoa momenti ya msokoto, yaani uwezo wa kuzungusha unaopatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili. Pembe ikiongezeka maradufu, momenti nayo huongezeka maradufu, na pembe ikiongezeka mara tatu, momenti huongezeka mara tatu, mradi waya usisokotwe kupita kikomo cha unyumbufu wake, ambacho ukikivuka haurudi tena katika hali yake ya awali. Uwiano huo usiobadilika kati ya momenti na pembe ndio huitwa kisobadilika cha msokoto, na katika maelezo haya kitawakilishwa kwa herufi k. Pembe hupimwa kwa radiani, kipimo ambacho kimoja chake ni sawa na nyuzi 57.3 hivi, na kwa hiyo k hutajwa kwa niutoni mita kwa kila radiani moja. Waya mnene na mfupi una k kubwa; waya mwembamba na mrefu una k ndogo.

Njia inayokuja akilini mwanzo ya kuitafuta k ni kuusokota waya kwa kani inayojulikana na kusoma pembe inayotokea. Kamba hufungwa kwenye ukingo wa kisahani, ikapitishwa juu ya kapi, kisha vipande vya uzito vikaning'inizwa kwenye ncha yake, na kwa kila kipande kinachoongezwa mpimaji husoma nyuzi ambazo kisahani kimezunguka. Kwa fimbo nene ya chuma, kama zile zinazojaribiwa katika karakana za uhandisi, njia hii hufaa sana. Kwa waya mwembamba haifai, na sababu yake inaonekana mara tu hesabu inapofanywa. Waya wa feleji wenye kipenyo cha milimita 1 na urefu wa mita 1 una k ya takribani 0.0078, maana yake ni kwamba kuuzungusha radiani nzima kwa kuvuta ukingo wa kisahani chenye nusukipenyo cha sentimita 10 kunahitaji kani inayolingana na uzito wa gramu 8 tu. Msuguano ndani ya kapi la kawaida waweza kumeza sehemu kubwa ya kani ndogo kama hiyo, na mpimaji akabaki akipima kapi huku akidhani anapima waya.

Wanafizikia waliukwepa ugumu huo kwa kuacha kuuvuta waya na badala yake kuuhesabia muda. Hoja yao ni kwamba waya mkaidi hulirudisha gimba kwa haraka na waya mlegevu hulirudisha polepole, hivyo muda wa mbembeo mmoja, yaani kutoka upande mmoja hadi upande wa pili na kurudi mahali pa kuanzia, umebeba ndani yake habari ya k. Muda huo huitwa kipindi na huandikwa T. Lakini kipindi hakitegemei waya peke yake, kwa kuwa gimba zito nalo huchelewa kuanza mwendo na huchelewa kusimama, na uzito pekee hautoshi kueleza uchelevu huo, kwani mipira miwili iliyo karibu na mhimili huzunguka kwa wepesi kuliko mipira hiyohiyo ikisogezwa kwenye ncha za ufito. Kinachohesabiwa ni inesha ya mzunguko, inayoandikwa I, ambayo hupatikana kwa kuchukua kila chembe ya gimba, kuzidisha tungamo lake kwa mraba wa umbali wake kutoka kwenye mhimili, na kujumlisha yote. Kwa bahati njema, maumbo mepesi yana kanuni zilizokwisha kukokotolewa: kisahani kilichojaa kina inesha sawa na nusu ya tungamo lake mara mraba wa nusukipenyo chake, na mpira mdogo ulio mbali na mhimili una inesha inayokaribiana sana na tungamo lake mara mraba wa umbali huo.

Vitu hivi vitatu huunganishwa na kanuni moja: T ni sawa na 2π mara kipeuo cha pili cha I ikigawanywa kwa k. Kanuni hiyo ikigeuzwa ili k ibaki peke yake, hupatikana

k = 4π²I / T²

na hapo kazi yote ya kutafuta ukaidi wa waya inabaki kuwa kupima tungamo, kupima urefu, na kuhesabu sekunde. Katika kanuni hii hakuna pembe popote, jambo ambalo mpimaji ana haki ya kulifurahia, kwa sababu maana yake ni kwamba gimba likianza kwa pembe ya nyuzi 10 au ya nyuzi 90 kipindi ni kilekile, mradi kikomo cha unyumbufu kisivukwe. Pendulamu ya kawaida haina sifa hiyo ila kwa pembe ndogo tu.

Mfano wa tarakimu utasaidia. Tuseme kisahani cha kilo 2 chenye nusukipenyo cha sentimita 10 kimefungwa kwenye waya wa feleji uliotajwa hapo juu. Inesha yake ni nusu ya 2 mara mraba wa 0.1, yaani 0.01 kwa vipimo vya kilo na mita. Kipindi kikipimwa na kuonekana kuwa sekunde 7.13, mraba wake ni 50.8, 4π² ni 39.48, basi k ni 39.48 mara 0.01 gawanya kwa 50.8, ambayo ni 0.00777 niutoni mita kwa radiani. Hesabu yenyewe haichukui dakika moja, na ugumu wote umo katika kuupata huo 7.13 kwa uaminifu.

Hapo ndipo mkono wa mtu huingia. Anayebonyeza saa huchelewa au huwahi kwa sehemu mbili au tatu za kumi ya sekunde, na kosa hilo likiangukia kwenye mbembeo mmoja wa sekunde 7 huharibu jibu kwa asilimia 3 au 4, ambalo baada ya kupandishwa mraba huwa maradufu. Mibembeo 20 ikihesabiwa kwa mfululizo, muda wote ni sekunde 142 na zaidi, na kosa lilelile la mkono hushuka hadi sehemu mbili hivi katika elfu moja. Inafaa pia kuanza kuhesabu gimba linapopita katikati, ambapo mwendo wake ni wa kasi kuliko mahali pengine pote na alama iliyochorwa ukingoni hupita mbele ya macho mara moja, kuliko kuanza kwenye mwisho wa mbembeo, ambapo gimba hukawia na jicho hushindwa kuamua ni lini hasa limesimama. Jambo lingine linalosahauliwa mara nyingi ni namna ya kuachia: gimba likisukumwa kwa kidole huanza kuyumba upande kwa upande pamoja na kuzunguka, na myumbo huo huchanganyika na mbembeo unaopimwa. Waya ubanwe kwa kibano kilichokaza, usifungwe fundo, kwa kuwa fundo hujisogeza na kuufanya urefu wa waya unaosokotwa usijulikane.

Hewa nayo hula nguvu za mwendo, hivyo pembe ya mbembeo hupungua polepole, na wanafunzi wengi hudhani kwamba kipindi nacho hupungua. Kwa kweli ukinzani huo wa hewa hukirefusha kipindi, tena kwa kiasi kisichoonekana: hata kama pembe imeshuka hadi nusu baada ya mibembeo 20, kipindi kitakuwa kimerefuka kwa sehemu moja hadi mbili tu katika laki moja. Hakuna saa ya mkononi itakayoliona hilo.

Kosa linalostahili kuogopwa zaidi limo katika inesha. Kisahani halisi kina tundu katikati, kina kibano cha waya, pengine kina skrubu, na vitu hivyo vyote vina inesha ambayo kanuni ya kisahani kilichojaa haiijui. Zipo mbinu za kuikokotoa sehemu moja baada ya nyingine, lakini ipo iliyo ya busara zaidi, nayo ni kuiacha inesha hiyo bila kuijua. Kipindi hupimwa kwanza gimba likiwa tupu. Kisha juu yake huwekwa kitu chenye umbo safi, kwa mfano pete, ambayo inesha yake hukokotolewa bila shaka yoyote, na kipindi hupimwa tena. Miraba ya vipindi viwili ikitolewa mmoja kutoka kwa mwingine, inesha isiyojulikana hujifuta yenyewe, na kinachobaki ni k = 4π² mara inesha ya pete, gawanya kwa tofauti ya miraba hiyo. Kwa pete ya kilo 1 yenye nusukipenyo cha ndani cha sentimita 8 na cha nje cha sentimita 10, inesha ni 0.0082, kipindi kikipanda kutoka sekunde 7.13 hadi 9.62, tofauti ya miraba ni 41.7, na k inarudi kuwa 0.00776. Sharti ni kwamba pete iwekwe katikati kabisa, kwa kuwa pete iliyoegemea upande mmoja ina inesha kubwa kuliko ile iliyoandikwa katika hesabu.

Upo mlango mwingine wa kuingilia, nao ni kuikokotoa k kutokana na waya wenyewe bila kuning'iniza chochote. Kwa waya wa mviringo, k ni sawa na π mara moduli ya ukakamavu, mara nusukipenyo kilichopandishwa kipeo cha nne, gawanya kwa mara mbili ya urefu wa waya. Moduli ya ukakamavu ni tabia ya madini yenyewe, inayoonyesha jinsi yanavyokataa kupindwa umbo bila kubadilishwa ujazo, na kwa feleji ni karibu gigapaskali 80, kwa shaba nyekundu karibu 45, na kwa tangsteni karibu 160. Kanuni hii ni nzuri kwa kupanga jaribio, lakini ni dhaifu kwa kulimalizia, na udhaifu wake umo katika kile kipeo cha nne. Kipimo cha skrubu kinachosoma hadi sehemu ya mia ya milimita kikikosea alama moja kwenye waya wa milimita 1, kipenyo kimekosewa kwa asilimia 1, na k imekosewa kwa asilimia 4. Na nyaya za dukani hazina kipenyo kilekile kutoka ncha hadi ncha. Kati ya njia zote, basi, ile ya saa ndiyo inayoaminika, na kanuni ya kipenyo hufaa zaidi ikitumiwa kwa kurudi nyuma, yaani k iliyopimwa kwa saa itumike kuipata moduli ya madini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mwaka 1784, Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa ambaye alikuwa ametumia miaka ya ujana wake akijenga ngome katika kisiwa cha Martinique, aliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris utafiti wake juu ya msokoto wa nyaya za madini. Alitumia nyaya za chuma na za shaba ya manjano za aina iliyotumika katika vinanda, akazining'inizia uzito, akahesabu mibembeo, na kutokana na vipindi pekee akathibitisha kwamba momenti hufuata pembe, kwamba hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, na kwamba hupungua kadiri waya unavyorefuka. Mwaka uliofuata aliutumia waya ambao ukaidi wake tayari ulijulikana kupima kani inayosukumana kati ya vijipira viwili vyenye chaji ya umeme, na kuonyesha kwamba kani hiyo hupungua kwa mraba wa umbali. Sheria inayobeba jina lake, ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huikuta katika somo la umeme, ilisimama juu ya kazi ile ya mwaka uliotangulia, ingawa vitabu vya shule huitaja mara chache.

Huko Uingereza, kasisi mmoja wa Thornhill katika jimbo la Yorkshire, John Michell, alikuwa amebuni peke yake chombo cha namna hiyohiyo kwa lengo kubwa zaidi, la kuipima dunia. Alifariki mwaka 1793 kabla hajakitumia, na baada ya kupita mikononi mwa mtu mwingine chombo kilimfikia Henry Cavendish, tajiri mkimya aliyeishi Clapham, London, ambaye alikijenga upya karibu chote. Alikuwa na ufito wa mbao wenye urefu wa futi 6, ulioning'inia kwenye waya wa shaba uliopakwa fedha wenye urefu wa mita 1 hivi, na kwenye kila ncha ya ufito palikuwa na mpira wa risasi wa kilo 0.73. Kando ya mipira hiyo midogo ililetwa mipira mikubwa ya risasi ya kilo 158 kila mmoja, ili mikubwa iivute midogo na ufito uusokote waya. Kwa kuwa joto la mwili wa mtu hutosha kuzusha mkondo wa hewa utakaoshinda mvuto unaotafutwa, chombo kilifungiwa ndani ya chumba, mipira mikubwa ikasogezwa kwa kamba kutoka nje, na Cavendish akasoma mizunguko ya ufito kwa darubini zilizopenya ukutani.

Ukaidi wa waya ule unaweza kukadiriwa leo kwa kanuni iliyoelezwa hapo juu. Mipira midogo ilikuwa umbali wa takribani mita 0.93 kutoka kwenye mhimili, kwa hiyo inesha ya miwili hiyo, ufito ukiachwa nje ya hesabu, ni 2 mara 0.73 mara mraba wa 0.93, yaani 1.26. Kipindi cha waya aliotumia katika majaribio yake mengi kilikuwa karibu dakika 7, au sekunde 420. Basi k ni 39.48 mara 1.26 gawanya kwa mraba wa 420, ambayo ni 0.00028 niutoni mita kwa radiani, ukaidi ulio mdogo mara 27 hivi kuliko wa ule waya wa feleji wa milimita 1. Kani iliyovuta kila mpira mdogo ilikuwa kama sehemu moja ya milioni 50 ya uzito wa mpira wenyewe, na kwa waya huo kani hiyo husogeza ncha za ufito kwa chini kidogo ya milimita moja. Waya wa kwanza aliokuwa nao ulikuwa mlegevu zaidi, wenye kipindi cha karibu dakika 15, yaani k iliyo chini ya robo ya ile ya pili, na ufito ulivutwa mbali hadi kugusa kuta za sanduku lake. Ilimbidi kuuacha, ingawa kwa kawaida mpimaji hutamani waya mlegevu iwezekanavyo.

Cavendish hakuandika k, wala hakuandika ile G, yaani kisobadilika cha uvutano, ambayo vitabu humsifu kwa kuipima. Herufi hiyo ilikuja karibu karne moja baadaye. Yeye alilinganisha mvuto wa risasi na mvuto wa dunia juu ya mpira uleule, na katika taarifa yake ya mwaka 1798 akatangaza kwamba densiti ya dunia, yaani tungamo lake kwa kila kipimo cha ujazo, ni mara 5.48 ya ile ya maji. Baadaye Francis Baily aligundua kwamba Cavendish alikosea katika kukokotoa wastani, na kwamba vipimo vyake vyenyewe vinatoa 5.448. Thamani inayokubalika sasa ni 5.51. Kwa mtu aliyeupima ulimwengu kwa risasi, mbao na saa, kosa la kujumlisha ni jambo la kusameheka.

Kutoka hapo, swali likawa ni la uzi. Kipenyo kikipunguzwa kwa nusu, k hushuka mara 16, lakini uwezo wa waya kubeba uzito hushuka mara 4 tu, na kwa hiyo uzi mwembamba sana wa kitu chenye nguvu sana ndio unaotafutwa. Mwaka 1887, C. V. Boys wa London aliupata kwa njia ambayo hakuna mtu angeitarajia maabara: aliyeyusha kwatsi, yaani jiwe angavu linalofanana na kioo, akaishikiza kwenye mshale, na kuufyatua mshale huo kwa upinde, ukivuta nyuma yake uzi usioonekana vizuri kwa macho. Akiwa na nyuzi hizo alitambua jambo ambalo kanuni ya kipindi ilikuwa nalo muda wote. Vipimo vyote vya chombo vikipunguzwa kwa uwiano mmoja, momenti ya uvutano na inesha hushuka kwa kiwango kilekile, na pembe inayosomwa haibadiliki hata kidogo, mradi kipindi kibaki kilekile. Ukubwa wa chombo cha Cavendish, basi, haukumsaidia. Ulimletea mikondo ya hewa tu. Boys akatengeneza ufito wa takribani sentimita 2, na mwaka 1895 akatoa densiti ya 5.527.

Joto ni adui mwingine, na wanaolifahamu zaidi ni mafundi wa zile saa za mezani zinazojazwa mara moja kwa mwaka, ambazo chini ya kioo chake mipira ya shaba huzunguka polepole kwenda na kurudi ikining'inia kwenye utepe mwembamba wa madini. Moduli ya feleji hupungua kwa sehemu 2 hadi 3 katika elfu kumi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na kwa kuwa kipindi hufuata kipeuo cha pili cha k, saa yenye utepe wa feleji huchelewa kwa sekunde kama 11 kwa siku kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Dawa ilipatikana katika aloi za nikeli ambazo unyumbufu wake hauyumbishwi na joto, na utafiti wa aloi za aina hiyo ulimpatia Charles-Édouard Guillaume Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1920.

Hata hivyo, joto hupimika na kusahihishwa. Shaka iliyo nzito zaidi iligusa msingi wenyewe wa njia ya saa. Mwaka 1930, Paul Heyl wa Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani alipima uvutano bila kusoma pembe yoyote: aliiweka mipira mikubwa kwenye mstari mmoja na ufito, ambapo mvuto wake huusaidia waya na kukifupisha kipindi, kisha akaihamishia ubavuni, ambapo mvuto huupinga waya na kukirefusha. Tofauti ya vipindi hutoa G, na k ya uzi hujifuta kama ilivyojifuta inesha katika mfano wa pete. Lakini hujifuta kwa sharti kwamba ni ileile katika vipindi vyote viwili, na mwaka 1995 Kazuaki Kuroda wa Japani alionyesha kwamba sharti hilo halitimii. Uzi halisi haurudi mara moja unapoachiwa; sehemu ndogo ya msokoto hukawia, na kwa sababu hiyo k ya mwendo wa haraka huwa kubwa kidogo kuliko k ya mwendo wa polepole. Kosa linalotokea hutegemea namba inayoitwa Q, ambayo hupima jinsi uzi unavyotunza mwendo wake: G hupatikana ikiwa kubwa kupita kiasi kwa sehemu moja gawanya kwa π mara Q. Kwa uzi wenye Q ya 2,000, kosa ni sehemu 160 katika milioni, kubwa mara nyingi kuliko kosa ambalo wapimaji wa siku hizi wako tayari kulikiri.

Wengine waliamua kutoutegemea uzi kabisa. Katika Chuo Kikuu cha Washington, Jens Gundlach na Stephen Merkowitz waliiweka pendulamu juu ya meza inayozunguka, na kila uzi ulipoelekea kusokotwa, mtambo uliibadili kasi ya meza ili msokoto usitokee. Mbadiliko huo wa kasi ndio waliousoma, na mwaka 2000 walitangaza G yenye kosa la sehemu 14 katika milioni. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Huazhong, Wuhan, timu ya wanafizikia wa China ilizitumia njia zote mbili kwa pamoja, ile ya vipindi kwa nyuzi za kwatsi zenye Q kubwa, na ile ya meza inayozunguka, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: 6.674184 kwa ya kwanza na 6.674484 kwa ya pili, yote yakizidishwa kwa 10⁻¹¹. Kila jibu lilitolewa na kosa la sehemu 12 hivi katika milioni, na tofauti kati ya majibu hayo ni sehemu 45.